Shajara ya majina: kutoka vyungu 9 hadi majina 12

Siku ya 1, Jumamosi

Nimehesabu asubuhi, kabla jua halijaingia sebuleni. Vyungu ni 9: sita sebuleni, viwili kwenye korido, kimoja dirishani jikoni. Humo nimehesabu pia ndoo iliyopasuka na kopo la maziwa ya unga, kwa kuwa navyo vina mmea ndani.

Mradi huu umetokana na msiba wa Novemba. Mimi na Bibi (ni mama yangu mzazi, ila tangu wajukuu waje nyumba nzima tunamwita Bibi) tulikwenda Muheza kuzika, tukakaa siku 8. Hapa Tanga niliacha maagizo ya mdomo: "Ule wa majani mapana mpeni maji kila baada ya siku mbili. Ule wa kwenye kona msiuguse." Nyumba yetu ina kona nyingi, na mimea ya majani mapana ni mitatu. Wanangu walimwagilia kwa moyo wote. Niliporudi, sansevieria yangu niliyoilea miaka 6, ile ya majani marefu yenye ukingo wa njano, ilikuwa imelainika chini kama ndizi iliyosahauliwa kwenye mfuko. Nilishika jani moja, likang'oka lenyewe likabaki mkononi, na kwenye udongo ikatoka harufu ya maji yaliyolala.

Binti yangu, yuko darasa la sita, alilia kuliko mimi. Alikuwa ametii kila nilichomwambia. Kosa lilikuwa la maagizo yangu.

Basi kazi ni hii: kila mmea upate jina moja lenye sababu. Liwe jina ambalo kitinda mimba wa miaka 3 analitamka bila shida, na binti wa miaka 12 haoni haya kuliita mbele ya rafiki zake. Kila jina liandikwe mahali ambapo maji hayalifuti. Muda niliojipa ni hadi masika yaishe.

Siku ya 2, Jumapili

Jana jioni watoto waligawa majina ya wachezaji mpira. Sebule ikapata golikipa, mabeki wawili na winga. Leo asubuhi nikauliza beki wa kushoto ni yupi, nikaonyeshwa vyungu vitatu tofauti. Majina yalikuwa matamu mdomoni, ila hapakuwa na kitu cha kulishikiza jina kwenye mmea wake.

Bibi alikuwa anachambua mchele, akauliza bila kuinua macho: "Kwani watu huwa tunawaitaje?"

Nimelishika hilo swali siku nzima. Kwetu jina husimulia mtu alivyofika duniani. Mwajuma kaja Ijumaa, Mwanahamisi kaja Alhamisi, Chausiku kaja usiku, Masika kaja na mvua. Sikujua ni mtoto ambaye mama yake hakuwa na habari kuwa ana mimba. Tatu ni wa tatu, wala hakuna anayeona ajabu. Na mimea yetu nayo ilipewa majina kwa macho yaliyotazama vizuri: mwarobaini kwa maradhi arobaini unayosemwa kuyatibu, kifauongo kwa sababu ukiugusa unakunja majani na kujifanya umekufa, mkrismasi kwa kuwa unawaka maua mekundu Desemba. Watu waliotoa majina hayo walikuwa wamekaa na mimea hiyo.

Kuna watakaosema si vizuri kuupa mmea jina la mtu. Mimi naona tunarudisha mkopo tu. Waridi, Yasmini, Rehani, Zaituni: ni mabinti na wajomba wangapi wanaoitwa majina ya mimea?

Bibi ametoa masharti yake, nami nimeyakubali yote. Majina ya mitume hapana. Jina la mzee wa familia, aliye hai au aliyetangulia, hapana. Sababu yake haina jibu: siku mmea ukioza, mtoto atapiga kelele nyumba nzima kwamba fulani kaoza, na majirani watasikia.

Siku ya 4, Jumanne

Jina la kwanza limepatikana, na lilikuwa linatungoja.

Mshubiri, ambao wengi siku hizi wanauita alovera, uko dirishani jikoni kwa ajili ya mikono inayoungua. Binti aliuliza kwa nini unaitwa mshubiri. Nikamwambia, kwa kuwa ndani una shubiri, na shubiri ndicho kipimo chetu cha uchungu. Nikamkatia kipande. Chini ya ganda la kijani kuna utomvu wa njano unaotiririka mwanzo, kabla hujaufikia ute wenyewe ulio mweupe kama maji. Ule wa njano ndio shubiri. Aliugusa kwa ncha ya ulimi, akakimbilia bomba.

Bibi, aliyesoma chuoni miaka mingi, akasema Waarabu mmea huu wanauita sabir, na subira wanaiita sabr. Ni mzizi mmoja. Uchungu na uvumilivu vimekaa nyumba moja katika lugha ile, na vyote viwili vimevuka bahari kuja kwetu, shubiri na subira. Mmea wenyewe asili yake ni Bara Arabu, kwa hiyo na wenyewe umevuka vilevile.

Jina: Subira. Na jina limebeba maagizo, maana anayeitwa Subira hapewi maji kila siku. Anangoja udongo ukauke hadi chini.

Siku ya 8, Jumamosi

Leo nimegawa zamia. Chungu chake cha plastiki kilikuwa kimeanza kuvimba ubavuni, na ukikiona hivyo ujue viazi vya chini havina tena pa kukaa. Nikakipasua kwa kisu cha jikoni. Ndani kulikuwa na viazi vya rangi ya kahawia, vigumu, vya mviringo, kila kimoja kama ngumi ya mtoto, vimebanana hadi vimechukua umbo la chungu. Ukiviona huhitaji kuambiwa kwamba hii ni jamaa ya magimbi. Hata jina lake la kitaalamu linasema hivyo: Zamioculcas, na hilo "culcas" linatokana na jina la Kiarabu la gimbi. Utomvu wake nao unawasha kama gimbi bichi, kwa hiyo nilivaa mifuko mikononi na kitinda mimba nikamtuma kwa baba yake.

Jambo linalonifurahisha kuhusu zamia ni kwamba watu wanaununua kwenye vyungu vya kung'aa wakidhani umetoka Ulaya, kumbe ni wa kwetu kabisa. Unaota wenyewe porini kuanzia Kenya, Tanzania na Zanzibar, ukishuka hadi Afrika Kusini. Viazi vile ni ghala la maji la mmea uliozoea kiangazi. Ndiyo sababu unaishi hata ukisahauliwa mwezi mzima.

Chungu kimoja kimezaa viwili. Majina hayakuhitaji mjadala: Kurwa na Doto. Mjadala ulikuwa nani Kurwa, kwa sababu Kurwa ndiye anayetangulia kutoka. Mwanangu wa kiume anasema fungu dogo lilitoka kwanza kwa kuwa ndilo nililolivuta. Binti anasema kubwa ndilo lililotokeza mizizi kwanza. Tumekwenda na la mvulana. Kurwa ndiye mdogo kwa umbo, jambo ambalo hata kwa mapacha wa watu hutokea.

Jani moja lilikatika wakati wa purukushani. Sikulitupa. Nimelichomeka kwenye mchanga ndani ya kikombe cha chai kilichovunjika mkono.

Siku ya 9, Jumapili

Vibao. Maka peni kwenye plastiki haikufika hata wiki, Subira alikuwa ameshabaki "Sub". Fundi aliyetuwekea marumaru bafuni aliacha vipande chini ya ngazi. Nimevipasua kwa nyundo ndani ya gunia, nikasugua kingo kwenye sakafu ya saruji hadi zisikate mkono. Kuandika tunatumia rangi ya kucha na kijiti cha meno: unachovya, unaandika herufi moja, unangoja ishike ndipo unaandika nyingine. Nyekundu kwa wasiotaka maji mengi, bluu kwa wanaokunywa. Kitinda mimba hajui kusoma, ila rangi anazijua.

Siku ya 15, Jumamosi

Ule mrefu wa kwenye korido, wenye majani kama ya mhindi na mstari wa njano katikati, niliununua kando ya barabara miaka mitatu iliyopita. Muuzaji aliuita drasena. Mume wangu, kwao Marangu, Kilimanjaro, tangu siku ile anaupita kila asubuhi akienda kazini na hajawahi kusema neno. Leo nilipofika kwake na kijiti cha meno mkononi nikauliza tuuite nani, akanyamaza kidogo. Akasema: "Huyo ni isale. Jina analo."

Tukakaa pale pale sakafuni, akanisimulia. Kwao masale ndiyo mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Ukuta unaweza kuvunjwa na jiwe likasogezwa usiku, lakini masale yakishapandwa yameshasema hapa ni kwangu na pale ni kwako. Na mtu akimkosea mwenzake, kosa zito la kuvunja udugu, huchukua jani la isale na kulipeleka kwa aliyemkosea. Anayeletewa isale hana ruhusa ya kuendelea kushikilia hasira. Kulikataa ni jambo la kuogopwa. Akiwa mdogo alimwona baba yake akipokea jani hilo kutoka kwa jirani waliyekuwa hawasemezani. Hakuna aliyehutubia. Baba alilipokea kwa mikono miwili, akaita watu waletewe pombe ya mbege.

Mimi nimeishi na mtu huyu miaka 14 sikuwa nimeisikia habari hiyo, na mmea umekaa mlangoni pa chumba chetu miaka mitatu.

Niliona haya kumpachika jina lolote. Tulifikiria Msamaha, yeye akaona ni jina la kwenye hotuba. Halafu akasema lile neno ambalo sisi sote hulisema tukichoka kugombana: yaishe. Nikaliandika hapo hapo kabla hajageuza mawazo.

Jina: Yaishe. Upande wa nyuma wa kigae nimeandika "isale", kwa kuwa hilo ndilo jina lake la kwanza.

Siku ya 17, Jumatatu

Ule unaotambaa, ambao madukani wanauita mti wa pesa: Safari. Umetoka nyuma ya televisheni, umepita juu ya mlango, sasa uko korido. Tumepima kwa futi ya cherehani, mita 3 na sentimita 40. Jina la pesa sikulitaka. Mtoto akiambiwa huu ni mti wa pesa halafu pesa zisipatikane, ataulaumu mti.

Siku ya 23, Jumapili

Leo limetokea jambo ambalo sikulipanga, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote ya mradi huu.

Nilikuwa jikoni nikisonga ugali. Mwanangu wa kiume, miaka 9, akaita kutoka sebuleni: "Mama, Doto ana kiu!"

Nikasimama na mwiko mkononi. *Ana* kiu. Mwezi mmoja uliopita mtoto huyu huyu angesema ule mmea umekauka. U-, kama mti, kama mkeka, kama mlango. Hakuna aliyemfundisha kubadilisha. Jina lilipoingia, ngeli ikahama yenyewe, na Doto akahamia upande wa watu na wanyama.

Tangu mchana nawasikiliza kwa makini. Subira kapigwa na jua. Kurwa katoa jani jipya. Safari kafika chumbani kwa Bibi. Ile mitano ambayo bado haina jina inaendelea kuwa "huu" na "ule", na hiyo ndiyo inayosahauliwa. Nilikagua udongo kwa kidole: wenye majina wote wamepata walichostahili, katika isiyo na majina, mitatu ilikuwa mikavu kabisa.

Sisi tunaoongea Kiswahili tuna kipimo ambacho hakiwezi kudanganya. Huhitaji kumuuliza mtoto kama anaujali mmea. Sikiliza kiambishi anachoutajia.

Siku ya 29, Jumamosi

Kosa la kurekebisha. Wiki iliyopita watoto waliuita kroton Tabu, kwa kuwa kila siku unaangusha majani. Tabu, Shida na Mashaka ni majina ya watu tunaowafahamu, walioitwa hivyo kwa hali ya nyumba walimozaliwa, kwa hiyo sikukataa.

Lakini nimeona linavyofanya kazi. Jani likianguka wanasema "si ndiyo Tabu", wanapita. Jina limewapa ruhusa ya kutoangalia. Nilipoangalia mimi nikakuta sababu: tuliutoa kwenye jua la baraza tukauingiza ndani, na kroton ukihamishwa ghafla huangusha majani hadi uzoee mwanga mpya. Haukuwa unaumwa. Ulikuwa mgeni.

Tumembadilisha jina. Sasa ni Vumilia, naye karudishwa karibu na mlango wa baraza. Kigae cha zamani nimekipasua, maana Bibi hakutaka kilale ndani ya nyumba usiku huu.

Siku ya 31, Jumatatu

Difenbakia. Hapa jina si la kufurahisha nyumba, ni la kumlinda mtoto. Majani yake mapana yenye madoa meupe yanavutia, na utomvu wake ukiingia mdomoni ulimi unawaka na kuvimba hadi mtu anashindwa kusema. Tunaye mwenye miaka 3, na yeye kila kitu bado anakijua kwa mdomo.

Nilitaka jina ambalo lenyewe ni onyo. Tukakumbuka majina ya kanga. Kanga nayo ina jina, yale maneno ya chini, na jina la kanga husema jambo zito bila kumnyooshea mtu kidole. Bibi akafungua sanduku, tukasoma moja moja kitandani hadi magharibi. Mwisho tukachukua methali isiyokuwa kwenye kanga yoyote sandukuni: Ulimi Hauna Mfupa. Kwa kuitana, Ulimi.

Kitinda mimba keshafundishwa. Ukimwonyesha Ulimi, anafumba mdomo na kuuziba kwa mikono miwili. Hata hivyo nimempandisha Ulimi juu ya kabati. Jina halitoshi peke yake kwa jambo kama hili.

Siku ya 38, Jumatatu

Idi. Shangazi kaja na sahani ya kaimati, na chini ya sahani mfuko wenye vichipukizi vya klorofitamu, ule unaoning'iniza watoto wake kwenye nyuzi ndefu. Mwanaidi. Jina limetolewa mlangoni, shangazi hajavua viatu.

Siku ya 44, Jumapili

Mvua imenyesha tangu alfajiri, tukashinda na miwili iliyobaki. Yote ina kisa cha jina, na visa vyote vimetokea pwani hii.

Wa kwanza ni ule wa maua laini mekundu, ambao maganda yake ya mbegu ukiyabana yanapasuka na kujikunja vidoleni. Waingereza wanauita Busy Lizzie, kwa jinsi unavyotoa maua bila kupumzika. Ni wa Afrika Mashariki. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, ndiye aliyeupeleka kwenye bustani ya mimea ya Kew, London, na mwaka 1882 mtaalamu Joseph Hooker akaupa jina la *Impatiens sultani*, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Aliyetawala wakati ule ni Seyyid Barghash. Baadaye ikagundulika kwamba mwaka 1868 Hooker huyo huyo alikuwa ameshaupa mmea huo jina jingine, *walleriana*, la mmisionari Horace Waller. Sheria ya majina ya mimea ni kwamba la kwanza kuchapishwa ndilo linalosimama. Sultani akapoteza nafasi.

Sheria naielewa, bila hiyo wataalamu wasingesikilizana. Ila sebule yangu haifungwi nayo. Jina: Sultani. Tena anapenda kivuli na maji mengi, na akikosa maji saa chache analala chini, akipewa anainuka mbele ya macho yako. Bluu.

Wa pili ni urujuani wa Kiafrika, wenye majani ya manyoya kama sikio la paka na maua ya zambarau. Rafiki yangu wa Dar es Salaam alinipa jani moja tu, nikalipanda. Habari yake inaniuma kidogo na kunifurahisha. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa huku kwetu, Walter von Saint Paul-Illaire, aliuona ukiota karibu na Tanga na kwenye misitu ya Usambara, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akauandika kwa jina la familia hiyo, *Saintpaulia*. Wajerumani hadi leo wanauita Usambaraveilchen, kwa hiyo wapo wanaotaja Usambara kila siku kwenye madirisha yao bila kujua ni milima ya wapi. Umezalishwa huko kwa rangi nyingi, ukasambaa duniani, na mimi mtu wa Tanga nimeupata kutoka Dar es Salaam, kwa jani moja.

Binti ndiye aliyetoa jina: Karudi.

Maagizo yake ni tofauti na ya wengine. Maji hapewi juu, kwa kuwa tone likilala kwenye manyoya ya jani linaacha doa. Anawekewa kwenye kisahani, anakunywa kwa chini nusu saa, kisha kisahani kinamwagwa.

Siku ya 58, Jumapili

Nimengoja miezi mitano kuandika haya.

Ile sansevieria iliyooza Novemba sikuitupa yote. Sehemu za juu za majani zilikuwa bado ngumu. Nilikata vipande 9, nikaviacha vikauke kidonda siku nne kivulini, nikavichomeka kwenye mchanga, upande wa chini chini, maana ukikipindua hakioti. Saba vimeoza kimoja baada ya kingine. Viwili vimebaki vimesimama, havioti, havifi. Kila wiki nilivitikisa kidogo kuona kama vimeshika.

Leo asubuhi, kando ya kimoja, mchanga umepasuka. Ncha ya kijani, kali kama ya sindano ya magunia, imetokeza kama kucha ya kidole kidogo. Niliita nyumba nzima.

Haina njano. Ukingo wa njano wa mama yake haupiti kwenye kipande cha jani. Mtoto anayetokea hapo huwa kijani kitupu. Ukitaka njano ibaki lazima ugawe shina la chini, na shina la chini ndilo lililooza. Kwa hiyo huyu si yule. Ni mtoto wake, ana sura yake mwenyewe.

Jina lake nilikuwa nalo tangu Desemba, nililificha tu. Mji huu umejengwa na mkonge. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, ikafika huku pwani, na iliyofika hai ilikuwa 62. Katika hiyo 62 yakatoka mashamba yote, reli zake, makambi ya manamba, na katika miaka ya 1960 zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka. Babu yangu alikata mkonge. Nimekua nikipita kati ya mistari yake kwenda shule.

Na kabla ya huo wa kutoka Marekani, watu wa pwani walikuwa wanasokota kamba kwa nyuzi za sansevieria za porini. Neno mkonge lilikuwa la sansevieria hizo kwanza. Wataalamu wa mimea nao siku hizi wameziingiza sansevieria kwenye jamii ya Dracaena, yaani drasena, kwa hiyo mtoto huyu na Yaishe wa kwenye korido ni ndugu wa karibu.

Jina: Sitini na Mbili. Ni refu, ila kitinda mimba analisema lote bila kukosea, kwa sauti ya mtu anayehesabu pesa. Nimeandika kwa nyekundu, mara mbili, herufi nene.

Siku ya 71, Jumamosi

Jumatatu tulikwenda tena Muheza, safari hii kwa harusi, tukalala siku 5. Sikuacha maagizo ya kona wala ya majani mapana. Niliacha karatasi moja ukutani yenye majina tu, na mbele ya kila jina siku ya maji.

Jumatano jioni binti akapiga simu. Baada ya shikamoo ya kwangu na ya Bibi, akaanza kutoa habari: Sultani alilala mchana, kapewa, kaamka. Karudi kanywa kwa kisahani na kisahani kimemwagwa. Subira hajapewa, udongo bado una unyevu. Vumilia kaacha kuangusha majani. Mwanaidi kavunjika uzi mmoja, aliyeuvunja yupo hapa ataomba msamaha mwenyewe. Sitini na Mbili hatujamgusa, Mama, tunamwangalia tu.

Bibi alikuwa ameegemea bega langu asikie. Akaninyang'anya simu: "Na Yaishe je?"

"Baba ndiye anayempa, Bibi. Hataki mtu mwingine."

Siku ya 92, Jumamosi

Masika yanaisha, udongo wa nje umeanza kushika. Nimekagua vigae vyote. Rangi ya kucha imedumu kwa wote isipokuwa Safari, aliyekaa karibu na dirisha linalopigwa na mvua. Chake nitakikwaruza kwa msumari kwanza ndipo nirudie rangi.

Lile jani la Doto lililokatika siku ya 8 lilikuwa bado kwenye kikombe. Juu halina mabadiliko yoyote, ni jani lile lile. Leo nimepangusa mchanga kwa kidole cha mwisho, polepole. Chini ya kikonyo kuna kiazi. Ni kidogo kama punje ya dengu, cheupe, kina mizizi miwili kama nyuzi. Kabla jani jipya halijatokeza itapita miezi mingi, pengine hadi vuli.

Jirani yetu Msukuma, mkewe alijifungua mapacha kisha akapata mtoto mwingine, alishanifundisha kwamba anayefuata baada ya Kurwa na Doto kwao ni Shija. Kigae nimekikata kidogo kulingana na kikombe. Mchanga nimeurudishia, nimempa kijiko kimoja cha maji.